Meli Iliyolala Chini ya Ngome ya Yesu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninapowapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu, Mombasa, maswali huanzia kwenye ukuta unaotazama bahari. Nikiwaambia kuna meli ya kivita chini ya maji yale, wote huchungulia kwa pamoja, kana kwamba mlingoti utachomoza wakiutazama sana. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa mwaka baada ya mwaka, na watoto, walimu wao na wazazi. Mwenye kuijua historia ya vita vya Wareno na Waomani anaweza kuruka hadi sehemu ya kufukua.

## Kuijua meli yenyewe

Ni meli gani hiyo?

Ni manowari ya Kireno iliyoitwa Santo António de Taná. Iliundwa Bassein, mji ambao leo huitwa Vasai, pwani ya magharibi ya India, ikateremshwa majini mwaka 1681. Kwa hiyo tunaposema "meli ya Wareno" tukumbuke kuwa iliundwa kwa mikono ya Wahindi na kwa mbao za India. Ilikuwa na mizinga zaidi ya 40, na kwa wakati wake ilihesabiwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya Wareno katika Bahari ya Hindi.

Ilizama Oktoba 1697 mbele ya ngome, upande wa Bandari ya Kale. Wengi hudhani iko Kilindini kwa sababu ndiko meli kubwa za leo ziliko, lakini zamani bandari ya Mombasa ilikuwa huku kwenye mji wa kale, na ngome ilijengwa kati ya 1593 na 1596 ili kuulinda mlango huu.

Ilikuja Mombasa kufanya nini?

Kuokoa ngome. Machi 1696 majeshi ya Oman, chini ya Imamu Saif bin Sultan, yaliizingira Ngome ya Yesu, na mzingiro huo ukadumu miezi 33, hadi Desemba 1698. Ndani walikuwemo Wareno wachache, Waswahili waliowaunga mkono, na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Chakula kilikuwa haba, na maradhi yaliua watu wengi kuliko risasi.

Santo António ilifika mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, ikawasili Desemba 1696, ikaondoka kwenda Msumbiji. Mara ya pili ilirudi kutoka Msumbiji, Septemba 1697. Mtu wa pwani akisikia miezi hiyo anaelewa bila kuelezwa: ya kwanza ni safari ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini-mashariki, ya pili ni ya kusi, upepo unaotoka kusini. Ngome ingeweza kulia njaa iwezavyo, lakini msaada ulikuja pale tu upepo uliporuhusu. Mwanafunzi akilishika hili moja, vita vyote vinamweleweka.

Na Waswahili walikuwa upande gani?

Pande zote mbili, na hili halisemwi vya kutosha. Wapo waliowaita Waomani kuja kuwaondoa Wareno, na wapo waliobaki ngomeni. Mwisho wa Agosti 1697, maradhi yalipokuwa yamewamaliza viongozi wa Kireno, ulinzi wa ngome uliangukia mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na watu wachache wa ukoo wake na Waafrika wengine, wengi wao wanawake. Wao ndio walioishikilia ngome mpaka tanga za Santo António zilipoonekana katikati ya Septemba.

Nawaomba walimu wasilipite jina la Bwana Daud haraka. Meli hii isingekuta ngome ya kuokoa lau si yeye na wale wanawake juu ya kuta.

Ilizamaje?

Ilikuwa imetia nanga karibu sana na ngome, ndani ya masafa ya mizinga ya Waomani. Amari zake, yaani kamba za nanga, zikakatika, mkondo ukaichukua, ikapanda mwamba. Iliweza kunasuliwa, lakini usukani ulikuwa umekwenda, na meli isiyo na usukani katika mlango ule mwembamba haina pa kwenda. Ikaishia kuzama pale pale chini ya ngome iliyokuja kuiokoa.

Anayetaka kuelewa asimame ukutani wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji yakiwa yanatoka. Utaona mapovu na takataka zikipita kasi kuelekea baharini. Hapo ndipo chombo kizito kilipoachwa bila nanga.

## Kuitafuta na kuifukua

Nani aliigundua?

Habari za kuzama kwake zilikuwa katika maandishi ya Wareno siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuteremka na kuangalia. Miaka ya 1960 wapiga mbizi wa Mombasa waliyakuta mabaki, wakawajulisha wakuu wa makumbusho ya ngome. Haikuwa hadithi ya ramani ya siri. Walikuwa watu waliopenda bahari yao, na walipoona kitu wakasema badala ya kuuza.

Katikati ya miaka ya 1970 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliomba msaada wa Taasisi ya Akiolojia ya Baharini ya Marekani, iliyoanzishwa na George Bass, mmoja wa waasisi wa fani hii duniani. Baada ya upimaji wa awali, ufukuaji ulifanyika kwa misimu minne, kuanzia 1977 hadi 1980. Robin Piercy aliongoza kazi ya chini ya maji, na Hamo Sassoon, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya ngome, akabeba mzigo wa upande wa nchi kavu. Ulikuwa ufukuaji mkubwa wa kwanza wa aina yake katika pwani yetu.

Walijuaje kuwa ni hiyo na si nyingine?

Kwa kuunganisha shahidi kwa shahidi. Maandishi yanataja meli, mahali na mwezi. Mabaki yako mahali hapo hapo. Muundo wake ni wa Kireno na mbao zake ni za India. Vyombo vilivyokuwemo ni vya mwisho wa karne ya 17. Shahidi mmoja peke yake asingetosha. Wote wakikubaliana, shaka inaondoka. Hata hivyo si kila meli ina bahati ya kuwa na karatasi nyingi hivi: tazama swali la Ngomeni hapo chini.

Kufukua chini ya maji hufanywaje? Si mchanga utarudi tu?

Utarudi ukitumia sepetu. Ndiyo maana hutumika bomba la kufyonza. Chukua bomba pana, lisimamishe wima, kisha pampu iliyo juu ilete hewa hadi mdomo wake wa chini. Hewa ikipanda ndani ya bomba huvuta maji na tope pamoja nayo, na kuvitema mbali na mahali pa kazi. Lakini mpiga mbizi hafyonzi ovyo. Mkono mmoja unashika bomba, mwingine unapepea tope taratibu, vidole vikitangulia kuhisi. Kikitokea kitu, bomba linasogezwa kando.

Kabla ya kugusa chochote, eneo lote hugawanywa kwa fremu za miraba, kila mraba na jina lake. Kikombe kikipatikana huandikwa kilikuwa mraba upi, kina gani, kimelala juu ya nini na chini ya nini, kikachorwa na kupigwa picha. Kuandika hufanywa hapo hapo majini, kwa penseli ya kawaida juu ya kibao cha plastiki. Kikombe kilichotolewa bila kuandikwa kilikotoka ni pambo tu la kabati. Kilichoandikwa kinaweza kukuambia kama kilikuwa cha nahodha kule tezi, nyuma ya meli, au cha baharia kule omo, mbele.

Mombasa ina ugumu wake. Mabaki yako kwenye mteremko, kina kisichozidi mita 20 hivi, si kina cha kutisha. Tatizo ni mkondo, na maji yenye tope ambamo siku nyingine huoni mbali ya urefu wa mkono. Kazi inafuata maji kujaa na kupwa. Wanaojua bandari hii hungojea dakika zile maji yanaposimama kabla hayajageuka, na siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ndizo nzuri zaidi.

Mpiga mbizi hukaa chini kwa muda gani?

Hawezi kukaa siku nzima. Chini ya maji, mwili hufyonza naitrojeni kutoka katika hewa anayovuta, na akipanda haraka gesi hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa kwa ghafla. Inalemaza na inaua. Kwa hiyo muda huhesabiwa kwa saa mkononi na kupanda ni polepole. Ndiyo maana ufukuaji ambao nchi kavu ungechukua wiki kadhaa, huku ulichukua misimu minne.

Mbao zimewezaje kukaa karibu miaka 300 bila kuoza?

Hazikukaa zote. Sehemu iliyobaki wazi juu ya tope iliisha zamani. Maji yetu ya joto yamejaa minyoo inayotoboa mbao, na kila mwenye ngalawa anajua kazi yake: ndiyo maana vyombo hupandishwa pwani na kupakwa shahamu. Kilichobaki ni tumbo la meli: mkuku (uti wake wa chini), mataruma (mbavu zake) na mbao za chini, ambazo uzito wa meli na wa farumi, mzigo wa kuituliza meli, uliziingiza ndani ya tope. Ndani ya tope zito hakuna hewa, na pasipo hewa minyoo na vijidudu vingi vya kuozesha haviishi. Tope linalowachosha wapiga mbizi ndilo lililotuhifadhia meli.

## Vitu vilivyotolewa

Dhahabu ilipatikana kiasi gani?

Hili ndilo swali la kwanza kwa watoto na la pili kwa watu wazima. Jibu ni kwamba hii haikuwa meli ya hazina. Ilikuja na askari, chakula na zana kwa ajili ya watu waliozingirwa. Tena haikuzama kwa mpigo mmoja katikati ya bahari. Ilipanda mwamba mbele ya macho ya wenyewe, kwa hiyo walipata nafasi ya kupakua walichokihitaji zaidi.

Sielewi kwa nini hili liwavunje watu moyo. Sarafu za dhahabu zinafanana mahali pote. Lakini vitu ambavyo mabaharia walivila, walivivaa na kuvipikia katika chombo kilichoundwa India, chenye mabwana Wareno, kikitoka Msumbiji kuja Mombasa, havipatikani kwenye hazina yoyote.

Basi kilipatikana nini?

Maelfu ya vitu, vizima na vipande. Vyombo vya kaure kutoka China. Mitungi mikubwa ya kuhifadhia maji na vyakula, ya aina iliyokuwa ikisafirishwa kote Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Vyungu vya udongo vya kawaida. Zana za kivita. Vitu vya mbao vilivyonakshiwa. Na mpingo: magogo yaliyokuwa sehemu ya shehena, bila shaka kwa safari ya mbele, kwa sababu mpingo wa Afrika ulikuwa na soko Asia.

Kinachonisimamisha mimi kila mara ni mitungi. Begani mwa mtungi, pale uliposhikwa na bahari, unaweza kuona alama nyeupe za chaza na matumbawe zilizogoma kutoka. Upande mwingine umetulia, laini, unang'aa kama ulitoka tanuri jana. Huo ndio upande uliolala ndani ya tope. Kitu kimoja kinakuonyesha kwa jicho lako lile jambo nililoeleza kwenye swali la mbao.

Kwa nini vitu havikuwekwa kwenye maonyesho mara tu vilipotolewa?

Kwa sababu kukitoa kitu baharini bila matayarisho ni kukiua. Watu wengi hawalijui hili.

Mbao zilizokaa majini karne tatu zimejaa maji mahali palipokuwa na nguvu zake. Ukiziacha zikauke juani, maji yanatoka, na mbao inajikunja, inapasuka na kuwa kama mkate mkavu. Lazima ikae kwenye maji, kisha maji hayo yabadilishwe polepole kwa kemikali inayofanana na nta, ambayo inaingia na kushikilia umbo. Ni kazi ya miezi, na kwa mbao nene ni ya miaka. Chuma ni kigumu zaidi. Kimejaa chumvi, na chumvi ikikutana na hewa hukila kwa ndani. Risasi ya mzinga inaweza kuonekana nzima leo, kesho ikamenyeka kama kitunguu. Hulowekwa kwenye maji ya dawa na kupitishiwa umeme mdogo hadi chumvi itoke. Hata kigae cha udongo huogeshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yanabadilishwa tena na tena, la sivyo chumvi ikikauka huchanua chini ya rangi na kuibandua.

Kwa sababu hiyo karakana ya uhifadhi ilianzishwa ndani ya ngome yenyewe. Kwa maoni yangu karakana hiyo ilikuwa na thamani kuliko kitu chochote kimoja kilichotoka majini. Mradi wowote unaonunua mitungi ya hewa ya wapiga mbizi kabla ya matangi ya kulowekea umeanza kinyume.

Naweza kuviona wapi?

Makumbusho ya Ngome ya Yesu, Mombasa, kwenye jengo la maonyesho ndani ya ngome. Anza na vyombo vya meli, kisha panda ukutani utazame mahali vilipotoka. Watu wengi hufanya kinyume, nao hufika kwenye kabati wakiwa wamechoka jua.

## Meli ilivyo leo

Je, meli yenyewe ilitolewa?

Hapana. Tumbo la meli lilipimwa na kuchorwa kwa makini, kisha likafunikwa tena kwa mchanga. Bado liko pale pale.

Kwa nini isiinuliwe kama Wazungu walivyofanya?

Wanaouliza huwa wamesikia habari za Vasa ya Uswidi, iliyozama 1628 na kuinuliwa 1961, au Mary Rose ya Uingereza, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982. Tuangalie bei yake. Vasa ilinyunyiziwa kemikali kwa miaka 17 mfululizo, na hata leo wataalamu wanapambana na tindikali inayozalishwa ndani ya mbao zake. Mary Rose ilinyunyiziwa hadi 2013. Zote mbili zinaishi ndani ya majengo maalumu yanayodhibitiwa joto na unyevu mchana na usiku, na matumizi hayo hayana mwisho.

Tena Vasa ilipatikana karibu nzima, kwa sababu Bahari ya Baltiki haina chumvi ya kutosha kwa minyoo niliyoitaja. Yetu ni sehemu ya chini tu. Kuiinua kwa gharama ile, halafu umeme ukatike mwezi mmoja katika joto la Mombasa, ingekuwa kuiharibu kwa mikono yetu. Waliofanya uamuzi wa kuifunika walifanya vyema, nami nalisema hilo waziwazi kwa kila anayenung'unika. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji ulikuja baadaye na msimamo huo huo: jambo la kwanza la kufikiria ni kuyahifadhi mabaki mahali yalipo.

Ninaweza kupiga mbizi kuitazama?

Si mahali pa kwenda kwa matembezi. Imefunikwa, kwa hiyo kuna machache ya kuona, na mkondo wa mlango ule haumjali mgeni. Eneo la urithi pia halichokonolewi bila idhini ya Makumbusho ya Taifa.

## Maswali ya pembeni

Vitu hivi ni mali ya nani? Ureno haiwezi kuvidai?

Vilitolewa ndani ya bandari ya Kenya, kwa idhini ya Kenya, na vinatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaweka vitu vya kale vilivyo ardhini na majini chini ya milki ya Serikali. Ukiuliza ni urithi wa nani, nitakujibu kwa orodha ndefu: mafundi wa Vasai, mabaharia kutoka Goa na Msumbiji, Wareno, Waomani walioishambulia, na watu wa Faza walioingojea.

Hii ndiyo ile meli ya Vasco da Gama iliyotangazwa juzi?

Hapana, hiyo ni ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jina la mahali ndilo linalowachanganya watu. Kule Ngomeni kulipatikana mabaki yenye vipande vya shaba na pembe za ndovu, na mwaka 2024 watafiti walitoa hoja kwamba huenda ni São Jorge, chombo cha msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, kilichopotea 1524. Neno "huenda" lisidondoshwe njiani. Mabaki ni ya zamani sana na yana thamani kubwa, lakini kuyapa mabaki jina kunahitaji ule ushahidi wa shahidi kwa shahidi.

Na meli za Wachina?

Misafara ya Zheng He, amiri wa China, ilifika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15, na twiga wa Malindi alifikishwa China mwaka 1415. Kuanzia 2010 watafiti wa Kenya na China walifanya kazi pamoja kuanzia nchi kavu hadi baharini, na sarafu ya Kichina ya enzi hiyo ikapatikana Mambrui, kaskazini ya Malindi. Sarafu, hata hivyo, husafiri mikononi mwa watu wengi. Haitoshi kuthibitisha meli.

Mimi ni mvuvi. Wavu wangu umetoa mtungi wa kale. Nifanye nini?

Kwanza, usiusugue wala usiuanike. Uweke kwenye ndoo au pipa la maji ya bahari yale yale ulikoutoa, uuweke kivulini, uufunike. Ukishakauka, hasara imekwisha kutokea (sababu ziko kwenye swali la maonyesho).

Pili, kumbuka mahali. Kama simu yako ina ramani, hifadhi alama hapo hapo. Kama haina, shika vielekezo vya nchi kavu kama walivyofanya wazee: mnara wa msikiti ukilingana na mnazi fulani, mwamba fulani ukiwa ubavuni. Kumbuka pia kina na aina ya sakafu, tope au mawe. Alama hizo zina thamani kuliko mtungi.

Tatu, toa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Sheria niliyoitaja inataka ufanye hivyo ndani ya siku saba na ukabidhi kitu chenyewe. Kwa Mombasa, nenda getini Ngome ya Yesu ueleze umeokota nini. Kwa Lamu na Malindi, nenda kwenye ofisi za makumbusho za huko. Usiteremke tena kutafuta vingine, na usimwonyeshe mahali hapo mnunuzi yeyote anayekuja na fedha mkononi.